Kizimkazi: pomboo wachache, boti tele

Papasi wa Forodhani, mmoja wa wale madalali wa watalii mjini Zanzibar, alinitajia dola hamsini za kwenda kuona pomboo Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, tena kwa Kiingereza, wakati mimi nimemsalimia kwa Kiswahili. Alikuwa ameshaliona begi la mgongoni, na kwake yeye mwenye begi la namna ile ni mtu wa dola, awe ametoka Berlin au Ukerewe. Nilipomwambia ni Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, alicheka, akashuka hadi laki moja, na akaapa kwamba bei hiyo haimwachii hata senti. Nikamwacha na kiapo chake. Kesho yake alfajiri nikapanda gari ya Kizimkazi na wauza samaki.

Njiani sina la kusimulia ila magoti. Zile gari zenye mbao mbili zinazotazamana zimetengenezwa kwa watu wasio na mapaja. Pale msitu wa Jozani dereva alipunguza mwendo kuwapisha kima punju waliokuwa wakivuka barabara, na katika gari zima aliyegeuza shingo ni mimi peke yangu.

Nilishukia Kizimkazi Dimbani, karibu na ule msikiti ambao maandishi ya kibla chake yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Nilitamani kuuona kwa ndani, lakini nahodha mmoja aliniwahi. Alikuwa na mke na mume kutoka Polandi, nafasi ipo, nitoe elfu arobaini twende. Hapo ndipo kazi yangu ya siku ilipoanza bila mshahara, kwa sababu nahodha Kiingereza chake kiliishia kwenye bei, na Mpolandi alipoona nazungumza naye akaamua kwamba mimi ndiye mwongozaji. Ana miaka mingapi pomboo? Anakula nini? Anauma? Nikawa natafsiri huku maboya yamenibana shingo na maji ya chumvi yananipiga usoni, maana upepo wa kusi ulikuwa haujalala sawasawa.

Pomboo tuliwakuta baada ya nusu saa. Au niseme tulizikuta boti, kwa kuwa ndizo zilizotangulia kuonekana. Niliacha kuzihesabu zilipopita kumi na tano. Mtu akinyoosha kidole tu, mashine zote zinanguruma kuelekea upande mmoja. Pezi likitokeza linazingirwa. Manahodha wanapiga kelele "Ruka! Ruka!" na wageni wanadondokea majini kama magunia ya mkaa. Wanapokuja kusafisha miwani yao, pomboo keshaibukia mbali, na wao wanavutwa mikono kurudishwa botini ili wakatupwe tena mbele. Katika kundi lile alikuwemo mama na mtoto wake. Mnyama huyu ana mapafu, apende asipende lazima apande kuvuta pumzi, na kila walipopanda walikuta tumbo la boti limewangoja. Watafiti waliowahi kuwafuatilia pomboo wa hapa waliandika kwamba boti zikiwepo muda wao wa kupumzika na kutafuta chakula hupungua, na wa kusafiri huongezeka. Sikuhitaji kusoma hayo. Nilikuwa nayatazama, na nilikuwa nimeyalipia.

Nikamuuliza nahodha kwa nini wasikae mbali kidogo wawaache.

"Kaka, nikikaa mbali huyu atasema hajaona kitu. Akisema hajaona, kesho hoteli inampa mwengine kazi." Akageuza usukani, akaongeza bila mimi kumuuliza: "Marehemu baba akiwavua hawa hawa. Chambo cha papa. Sie tumeacha miaka ya tisini, walipoanza kuja wageni. Sasa nambie, lipi bora?"

Sikuwa na jibu la kumtafsiria Mpolandi, aliyekuwa ananiuliza nahodha amesema nini.

Kwetu Ukerewe mnyama wa majini ni wa kukimbiwa, si wa kukimbizwa. Mamba akionekana mwaloni, kina mama wanahamia upande mwingine kuchota maji. Kiboko akitia mguu kwenye mpunga, usiku huo hakuna anayelala, ni madebe tu mpaka asubuhi. Fisi maji naye anachana nyavu na kuchagua sato wazuri. Ukimwambia mjomba wangu kwamba kuna watu wanapanda ndege kuja kulipia kuangalia viumbe kama hao, atataka kwanza ajue nani anamfidia nyavu zake. Na Saanane, hifadhi ya taifa iliyo pale pale mbele ya jiji la Mwanza, wakazi wangapi wameshaivukia? Tunaitazama tukiwa kwenye foleni.

Aliyetuokoa ni mke wa Mpolandi. Mawimbi yalimshinda, akainama ukingoni akatapika chai yote ya hotelini, na nahodha akazima mashine ili apate nafuu. Boti nyingine zikaendelea kufukuzana kuelekea kusini. Tukabaki tunayumba, hakuna anayesema. Ghafla nikasikia mtu anapiga chafya kubwa nyuma yangu, kumbe si mtu. Walikuwa wanne, migongo ya kijivu, wanapita polepole karibu kabisa na usukani. Mmoja alilala ubavu akatukodolea jicho. Wakazunguka tena. Mke wa Mpolandi akainua kichwa, mate yanamning'inia, akacheka. Hakuna aliyeruka.

"Hawa wanapenda kimya," nahodha akasema, kana kwamba ni siri aliyoigundua jana.

Ufukweni pweza wa kukaanga na wali vilinigharimu sawa na chakula cha siku mbili cha Mwanza, na soda ilikuwa ya moto. Mpolandi akaja kuaga. Akampa nahodha bakshishi yake, kisha akanishika mkono mimi na kunibandikia noti ya dola tano kiganjani, eti kwa maelezo mazuri ya wanyama. Nahodha akaitazama ile noti.

"Hiyo ya boti, kaka."

"Ya mwongozaji," nikamwambia.

Tukabishana mpaka gari ya mjini ikapiga honi. Tulikubaliana anirudishie elfu kumi ya nauli nami nimwachie noti, akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu tano, akasema nyingine nitaikuta siku nikirudi.