Siku moja ya mkufunzi wa anatomia Dodoma: neva 12 na upepo wa Agosti

Saa 12 asubuhi. Agosti ya Dodoma haina adabu. Upepo umeanza kabla jua halijapanda, vumbi limeshaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Najifunga kitambaa puani, nadandia daladala ya kutoka Nkuhungu. Mkobani nina nyuzi za rangi, vichupa vya kahawa na karafuu, na sukari kidogo.

Saa 2. Darasani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamekuja na ile sentensi yao ya kukariri herufi za mwanzo za neva za fuvu, zile jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo, wanaighani kama kwaya. Siipendi. Mtu anaweza kughani zote 12 asijue neva ya sita inapita wapi. Na hiyo ya sita inapanda kwenye ukingo wa mfupa mgumu ndani ya fuvu kabla ya kwenda kwenye jicho, ndiyo maana shinikizo likipanda kichwani huvutwa, jicho likashindwa kutazama nje hata kama uvimbe uko mbali kabisa. Orodha haikwambii hayo. Njia inakwambia.

Kwa hiyo nagawa mafuvu ya plastiki na nyuzi: kila kikundi kipitishe uzi kwenye tundu lake. Kelele zinaanza. Ule ufa wa juu nyuma ya jicho ni kama stendi ya Nanenane, maana ya tatu, ya nne, ya sita na tawi la kwanza la ya tano zote zinapita humo. Uvimbe mmoja mahali hapo na jicho zima linagoma. Matawi mengine mawili ya ya tano yana matundu yao: la pili forameni rotundamu, la tatu forameni ovale.

"Mwalimu, nani alizihesabu?" Galeni, tabibu wa kale, alihesabu jozi 7. Daktari Mwingereza Thomas Willis, mwaka 1664, bado aliiweka ya saba pamoja na ya nane, na ukishika fuvu utamwelewa, kwa sababu zote mbili zinaingia tundu moja, lile la sikio la ndani. Mwanaanatomia Mjerumani Samuel Soemmerring ndiye aliyezitenganisha mwaka 1778 tukafika 12.

Saa 5. Kliniki, na kikundi kidogo. Ameletwa bibi kutoka upande wa Chamwino, uso umepinda tangu jana. "Mbukwa, bibi. Shikamoo." Namsalimu kwa Kigogo na Kiswahili. Anaitikia kwa nusu ya mdomo. Binti yake ana maelezo tayari: mama amepigwa na upepo. Jirani naye ameshasema ni kiharusi.

Namwomba bibi anyanyue nyusi. Upande wa kulia paji linakunjamana, wa kushoto limelala kama lilivyo. Wanafunzi wanatazamana. Kiini cha neva ya saba, inayoendesha misuli ya uso, kiko kwenye shina la ubongo na kinapokea amri za paji kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi cha juu ya shina hilo kwa kawaida huliacha paji likikunjamana. Likilala na paji, mashaka yanahamia kwenye neva yenyewe, njiani.

Njiani wapi? Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Neva hiyo inapita kwenye mfereji mwembamba ndani ya mfupa wa nyuma ya sikio. Ikivimba humo inajibana yenyewe. Kabla ya kutoka huacha matawi: moja la machozi, jingine la msuli mdogo unaopunguza makali ya sauti, jingine la ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi. Naweka sukari kwenye ulimi, kushoto. Bibi hasikii utamu. "Na redio, bibi?" Tangu jana inampigia kelele sikio hilo. Basi tatizo liko ndani ya mfupa, kabla neva haijatoa tawi la sauti. Lingekuwa kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, ladha ingebaki.

Daktari anakagua masikio akitafuta malengelenge, anapima nguvu za mikono na miguu, kisha anaandika prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, ambayo inafaa ianze ndani ya saa 72. Huu ni ugonjwa uliobeba jina la Charles Bell, na wengi hupona. Binti anauliza tena habari ya upepo. Namwambia upepo haukumpinda mama, ila sasa ndio wa kuogopwa: jicho halifumbi, na vumbi hili litalikwaruza. Dawa ya matone mchana, usiku kope zifungwe kwa plasta. Hapo ananielewa haraka kuliko nilipokuwa kwenye mifereji.

Saa 7. Ugali wa uwele na mlenda. Neva ya tisa, ya kumi na ya kumi na mbili, zile za kumeza, zinafanya kazi, mimi napumzika.

Saa 9. Kijana wa bodaboda, alianguka bila kofia ngumu, analalamika chakula hakina ladha. Chumvi na sukari anazitambua. Kahawa na karafuu hazinusi. Ulimi uko sawa, kilichopotea ni harufu. Nyuzi za neva ya kwanza, ile ya kunusa, hupita kwenye vitundu vidogo juu ya pua, na kichwa kikitikiswa kwa nguvu nyuzi hizo hukatika. Wengine hurudiwa na harufu baada ya miezi, wengine hapana, na nilimwambia hivyo hivyo. Pia ahakikishe nyumbani kuna mtu wa kunusa gesi ikivuja.

Saa 1 usiku. Natunga swali la jaribio: sauti imekwaruza, uvimbe uko kifuani, kushoto. Eleza. Atakayejua kwamba tawi la koo la neva ya kumi, upande wa kushoto, hushuka hadi kuzunguka upinde wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo lipande tena, atalijibu kwa mistari mitatu. Wenye kuimba herufi watajaza ukurasa.