Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa wodi ya upasuaji, Tanga

Saa 1:30 asubuhi. Nimeshapokea wodi kwa wenzangu wa usiku. Wa kwanza kwenye orodha ya thieta ni mzee mmoja mvuvi kutoka Pangani. Hakulala, amekesha ameuning'iniza mguu wa kulia nje ya kitanda. Ukimwona mgonjwa anafanya hivyo, jua damu haifiki: mguu ukining'inia maumivu yanapungua, ukiinuliwa yanarudi. Vidole vitatu vimekauka, vyeusi kama mkaa. Natafuta mapigo juu ya unyayo, hayapo. Nyuma ya goti yapo. Nashukuru Mungu, maana mguu ukikatwa huenda goti likabaki, na mwenye goti lake hutembea na mguu wa bandia kwa urahisi zaidi.

Saa 2:30. Raundi. "Dada, hamwezi kukata vidole tu?" bintiye ananiuliza. Daktari anamweleza kwamba kidonda hupona kwa damu. Ukikata pasipofika damu, hakitafunga, na mtarudi kukata tena. Mzee ana kisukari na amevuta sigara tangu ujana. Mwaka jana shavu la mguu lilikuwa likimbana kila akitembea, akisimama linaachia. Akadhani uzee, akawa anachuliwa mafuta. Inaniuma sana, kwa kuwa wakati ule ndio wa kuiwahi mishipa.

"Kateni, mwanangu. Nimechoka." Anasaini mwenyewe.

Saa 4. Thieta. Amechomwa ganzi ya mgongoni, yu macho, midomo inavuta uradi. Bingwa anakata sentimita 12 hivi chini ya goti. Nyama ya nyuma anaiacha ndefu ije kuufunika mfupa, kwani huko damu inafika vizuri zaidi. Mshipa wa fahamu anauvuta, anaukata juu, unarudi ndani ya nyama. Ukinasa kwenye kovu utamtesa. Msumeno ni dakika chache tu. Kulainisha ncha ya mfupa na kushona ndiko kunakokula muda.

Saa 8 mchana. Wodini. Presha nzuri, bandeji kavu. Binti ameweka mto chini ya goti. Namwomba autoe, goti likizoea kukunjwa litakakamaa. Ganzi inaisha, na mzee anauliza mbona vidole vinamuwasha ilhali havipo. Namwambia ni kawaida, ila yakigeuka maumivu aseme, dawa zipo.

Saa 9:30. Baada ya kukabidhi naukagua mguu wa kushoto, kisigino na katikati ya vidole. Huo ndio tunaoulinda sasa: sigara basi, sukari ipimwe, asikanyage mchanga bila kiatu, na kidonda kikitokea, hata kidogo, aje siku hiyohiyo.