Lita 60 Zilizobaki Bawani

Ndege ilikuwa Piper PA-28 Warrior. Tulipofika shambani tuliikuta imelalia pua, gurudumu la mbele limekatika, na rubani ameshapelekwa hospitali na jeraha la paji la uso. Sisi mafundi tulitakiwa kujua kwa nini injini ilizima ikiwa futi 800 juu ya ardhi, uwanja unaonekana.

Tulianza na propela. Panga moja lilikuwa limepinda kwenda nyuma, la pili limenyooka, makali yake hayana hata mkwaruzo. Injini ingekuwa na nguvu ilipogusa udongo, mapanga yote mawili yangejikunja na kuchubuka.

Kisha mafuta. Tangi la kulia lilitoa lita 60 na ushei za petroli ya buluu, safi, bila tone la maji. La kushoto halikufikisha lita 4, na hizo ni zile za chini kabisa ambazo injini haizivuti. Ndani ya kabureta mlikuwa na mafuta ya kijiko kimoja. Koki ya kuchagulia tangi, iliyo ukutani mbele ya goti la kushoto la rubani, ilikuwa imeelekezwa kushoto.

Koki ya Warrior haina nafasi ya kufungua matangi yote mawili kwa pamoja. Mabawa yako chini ya injini, mafuta yanapandishwa na pampu, na pampu ikiunganishwa na tangi lililokauka itavuta hewa. Kwa hiyo rubani hubadilisha mwenyewe kwa kufuata saa. Wengi hufanya hivyo kila nusu saa. Huyu aliondoka na mafuta yanayofika kwenye kibati kilicho ndani ya mdomo wa tangi, kama lita 64 kila upande. Injini yake, Lycoming O-320, hula lita 36 hivi kwa saa. Ukitoa zile 4 zisizovutika, tangi moja linakupa saa 1 na dakika 40, na ndio muda aliokuwa hewani. Kwenye karatasi yake ya safari saa ya kuondoka iliandikwa vizuri; saa ya kubadilisha tangi haikuwepo.

Geji za ndege ndogo mimi huziamini pale tu zinaposema tangi ni tupu. Kijiti cha kupimia na saa ndivyo vya kutegemea.

Kilichoniuma ni ile dakika ya mwisho. Warrior iliyozimika, kwa mwendo wa noti 73, hushuka futi 700 hivi kwa dakika. Geuza koki, washa pampu ya umeme, sukuma mbele kabisa mkono wa mchanganyiko wa mafuta na hewa, fungua joto la kabureta (hewa ya moto ya kuzuia barafu): yote ni sekunde chache. Ila bomba likishakauka, mafuta huweza kuchukua sekunde 10 kufika tena, ndiyo maana koki huguswa kabla ya kitu kingine chochote. Rubani alitueleza baadaye kwamba muda wote ule alikuwa akipiga stata. Swichi ya pampu tuliikuta imezimwa.

Baada ya kukagua kranki tulifunga propela nyingine, tukageuza koki kulia, tukawasha pampu. Injini iliwaka na kunguruma bila kukohoa.