Mimi ni bodaboda tu, ila majeruhi wa barabarani naweza kumshika mpaka afike hospitali

Kijiwe chetu kipo Kibaha, upande wa Maili Moja. Kwa wasiopajua hiyo ni Morogoro Road, malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya mikoani, Noah, bajaji na sisi boda wote tunagombania lami hiyo hiyo. Ajali tunaziona na kwa kawaida wa kwanza kufika sio ambulensi wala trafiki, ni sisi tuliokaa pale pembeni tunasubiri abiria. Kwa hiyo yalipokuja mafunzo ya huduma ya kwanza nikajiandikisha, na nisidanganye, wengi tulifuata posho.

Mkufunzi alikuwa nesi wa emejensi, dada mmoja mkali kweli, akatuuliza mkifika kwenye ajali mnafanya nini, darasa zima likajibu tunambeba tunakimbiza hospitali. Akasema hapana, kwanza unasimama unaangalia. Lori limebeba nini, kuna harufu ya mafuta, waya wa umeme umedondoka, magari bado yanakuja kwa spidi? Akatutajia Msamvu pale Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka watu wakakimbilia na madumu, likawaka, wakafa zaidi ya 100 na bodaboda wakiwemo. Hilo hakuna aliyetaka kuelezwa mara mbili.

Ya kubonyeza kifua tulifanyia kwenye mdoli. Mtu hajitambui, hapumui, au anakoroma koroma kwa kuvuta pumzi moja moja (hiyo sio kupumua jamani, watu wengi wanadanganyika hapo), unaweka viganja katikati ya kifua unabonyeza kwenda chini sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, unabonyeza 30 unapuliza pumzi 2. Ni kazi ngumu kuliko unavyoona kwenye muvi, dakika mbili tu jasho linatiririka, ndo maana mnapokezana.

Ila kilichonikaa zaidi ni damu. Nesi alisema damu inayoruka inaua mtu ndani ya dakika chache kwa hiyo ndo unaanza nayo kabla ya kitu chochote. Unakandamiza pale pale inapotokea kwa kitambaa, kwa uzito wa mwili, na usifunue funue kuchungulia. Ikigoma na ni mkono au mguu unafunga turniketi, yaani kifungo cha kubana damu isipite, juu ya jeraha kama vidole vinne hivi, usifunge kwenye goti wala kiwiko, kitambaa kiwe kipana sio waya wala kamba ya viatu, unaingiza kijiti unazungusha mpaka damu ikate. Ukishafunga hufungui, anafungua daktari. Tulifungana wenyewe kwa wenyewe, aisee inauma, nesi akacheka akasema kama halalamiki hujakaza.

Sasa jioni moja kigiza kimeshaingia, boda na bajaji wakavaana karibu kabisa na kijiwe. Wa bajaji alitoka anachechemea, mwenye pikipiki, dogo wa miaka kama ishirini, yuko chini na paja limechanika, damu inaruka. Na hapo ndo nikajua kidonda sio kazi kubwa, kazi ni watu. Ndani ya nusu dakika wameshajaa, huyu anasema mpeni maji, yule mnyanyueni, mwingine tayari kawasha boda anataka apakiwe mshikaki katikati ya watu wawili, na simu kama tano hewani zinarekodi.

Nesi alitufundisha usiseme "jamani saidieni", ukisema hivyo hasaidii mtu, mnyooshee kidole mtu mmoja umpe kazi moja. Nikafanya hivyo hivyo. Wewe mwenye jezi ya Yanga nenda kasimamishe magari kule juu. Wewe unayerekodi, washa tochi umulike hapa (na alimulika mpaka mwisho, hakurekodi tena). Mama wa chapati naomba kanga yako. Mwenzangu wa kijiweni aliyesoma na mimi akapiga magoti kichwani, akashika kichwa na helmeti pande zote mbili kisicheze, helmeti hatukuitoa maana dogo alikuwa anaongea na anapumua vizuri. Maji hakupewa hata tone, mtu anayeweza kwenda kupasuliwa hapewi kitu mdomoni.

Nikavaa glovu nikakandamiza kwa kanga, nikaweka na goti juu, ikaloa chapa. Nikachana pande la pili, nikafunga juu ya jeraha, nikachomeka bisibisi ya pikipiki nikazungusha. "Kaka unaniua!" Vumilia mdogo wangu. Nikazungusha tena raundi moja, damu ikakata. Nikaandika kwenye mkono wake kwa maka peni 19:20, sio saa moja na ishirini, maana daktari akisoma saa moja anaweza kuelewa saa nyingine kabisa. Tukamfunika jaketi, hata Kibaha na joto lile mtu aliyepoteza damu anasikia baridi, na mwili ukipoa damu inakuwa ngumu kuganda.

Ambulensi haikuwepo karibu ila ilisimama pikapu. Tukatoa ubao wa meza ya chapati, tukamgeuza wote kwa pamoja kwa kuhesabu moja mbili tatu, mwili mzima kama gogo, ubao ukaingia chini, tukampandisha. Njiani kazi yangu ilikuwa kumsemesha tu, unaitwa nani, unakaa wapi, maana akianza kujibu ovyo ujue hali inabadilika.

Hospitali ya Tumbi pale mapokezi nikasema kwa ufupi kama tulivyofundishwa: kijana wa miaka ishirini hivi, pikipiki imegongana na bajaji, paja la kulia limechanika, hajapoteza fahamu, turniketi imefungwa 19:20. Wakamchukua moja kwa moja. Mambo ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, mwenzangu alienda polisi kuifuatilia huku dogo anatibiwa.

Mguu ulibaki, saa hivi anatembelea gongo. Mimi chini ya siti ya pikipiki sasa nina glovu, vitambaa vipana viwili na maka peni, boksi la glovu tunachanga kijiweni tunagawana. Mama wa chapati nilimnunulia doti mpya maana ile kanga waliikata kwa mkasi hospitali, akaipokea akaigeuza geuza akasema asante mwanangu, ila ile yangu ilikuwa na maneno mazuri zaidi.