Jerry Rice ndo baba lao
Jamani nimekesha naangalia klipu za Jerry Rice, yule mchezaji wa zamani wa futiboli ya Marekani, na bado nimeduwaa. Toka nihamie huku Marekani futiboli yao nilikuwa naipita tu, ila jamaa mmoja kazini ni shabiki wa kufa wa 49ers, timu ya San Francisco aliyochezea Rice, ndo kanifundisha kuwaangalia marisiva, wale wanaokimbia kudaka pasi za kwotabeki, yule mrusha mpira wa timu.

Sasa sikieni namba. Rice kadaka mipira 1,549, kasogeza mpira yadi 22,895, tachdauni za kudaka 197, yaani mara alizodaka na kufunga mwisho wa uwanja. Yadi hizo ni karibu kilomita 21, tena kila ukidaka kuna mtu anataka kukulaza chini!! Anayemfuata kwa yadi ni Larry Fitzgerald, ana 17,492, na huyo kacheza misimu 17 pale Arizona. Risiva akifikisha 1,000 kwa msimu anaheshimika, kwa hiyo pigeni hesabu ya hilo pengo wenyewe.

Baba yake alikuwa fundi uashi Mississippi, Rice na kaka zake wakimsaidia, wanamrushia matofali anayadaka. Na 2002 akiwa na timu ya Raiders kafikisha miaka 40 katikati ya msimu, bado akamaliza na yadi 1,211. Arobaini jamani, kwa mchezo ule wa kugongana!

Halafu muangalieni miguu, anakimbia kama anaenda moja kwa moja, anakanyaga mara moja tu anakata ndani, beki anabaki kaelekea kwingine kabisa.

Wanaosema Randy Moss, risiva mwingine wa zamani, alikuwa na kipaji zaidi siwabishii sana, kwa mbio na kuruka Moss alikuwa hatari, ila tachdauni zake za kudaka ni 156.