Mwakimbilia foleni?

Jana baada ya laasiri nilikuwa nimekaa na ami yangu barazani, mbele ya bahari, hapa Amu (Lamu), tukitazama boti za Mokowe zikipishana. Niko likizo kutoka melini. Ami alikuwa nahodha wa jahazi zama zake, akipeleka boriti Mombasa, na siku hizi kazi yake ni kukosoa manahodha wenzake akiwa nchi kavu. Akaniuliza bila kunitazama:

"Mamako aniambia safari iliyopita mlitia nanga nje ya bandari siku nne. Mna mashine, mna setilaiti. Mlikuwa mwakimbilia nini?"

Swali lilinigusa mimi hasa. Mimi ni afisa wa pili, na katika meli nyingi za mizigo huyo ndiye mpangaji wa safari: huchora njia kutoka gati hadi gati na kupiga hesabu ya mwendo, kisha nahodha huikagua na kuitia sahihi. Kwa hiyo nisingeweza kumsukumia mtu mwingine.

Nikaanzia Mkanda, kwani hapo tunaelewana. Mkanda ni ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, na boti za Pate na Faza hupita humo maji yakijaa. Ukichelewa ukakuta yamekupwa, utakaa topeni na abiria wako mkitazamana. Ami hajawahi kupanga safari ya Faza kwa kujiuliza aende kasi gani. Hujiuliza maji yatajaa saa ngapi, ni bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), kisha hurudi nyuma kwa hesabu hadi aifikie saa ya kung'oa nanga. Na sisi ni vivyo hivyo. Rubani wa bandari, anayeiongoza meli kuingia, amepangiwa saa yake, gati lina saa yake, na mahali pengine kina hakitoshi ila maji yakijaa. Saa ya kufika hutajwa kwanza. Mwendo ni jawabu unalopata ukigawa maili kwa saa ulizo nazo.

Akaguna. Nikampa hesabu yenyewe, na hapa ikabidi nikiri aibu yangu.

Safari yangu ya kwanza nikiwa afisa wa pili ilikuwa Mombasa hadi Colombo, kiasi cha maili 2,500 za baharini. Tulitoka Jumatatu, na kufikia saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumeshaiacha nchi na injini iko kwenye mwendo wa bahari kuu. Rubani alitutaka Jumatano ya wiki ya pili, saa kumi na mbili asubuhi. Nikahesabu siku nane na nusu, saa 204, nikagawa: noti 12.25. Noti moja ni maili moja ya baharini, mita 1,852, kwa saa. Nikaandika vizuri, nikapigia mstari, nikaenda kulala nimeridhika na nafsi yangu.

Siku ya tatu nahodha akaniita chumba cha usukani, akaweka kidole juu ya karatasi yangu na kuuliza, "Rubani anasoma saa ya wapi?"

Colombo iko mbele ya Mombasa kwa saa mbili na nusu. Tukielekea mashariki tunazisogeza saa za melini mbele, na zile saa mbili na nusu hazirudi. Sikuwa na saa 204, nilikuwa na 201 na nusu, na mwendo uliotakiwa tangu mwanzo ulikuwa noti 12.4. Tofauti ni ndogo hata mtu huona haya kuitaja. Lakini lau tungeigundua siku ya mwisho, ingebidi tukimbie karibu noti 13.7 siku nzima ili tumuwahi rubani. Tangu hapo kila hesabu naifanya kwa saa ya Greenwich, na ya bandari naiandika mwisho kabisa. (Nyumbani nako kuna fujo yake. Mamangu nikimwandikia "1000", yaani saa nne asubuhi, husoma saa kumi, akapika futari nami nilishafika tangu asubuhi.)

Ami hakuona ubaya wa kukimbia siku moja. "Si mafuta tu?"

Mafuta ndiyo kesi yenyewe. Mafuta ya siku hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Toka noti 10 hadi 11, umeongeza sehemu moja ya kumi tu, lakini mafuta ya siku yamepanda karibu theluthi. Ndiyo maana ukitaka kufidia muda, fidia mapema na kidogo kidogo. Na ndiyo maana kwenda noti 12 nusu ya njia kisha 14 nusu iliyobaki si sawa na kwenda 13 njia nzima: unafika umechelewa kidogo na umechoma zaidi. Hili nimewahi kubishana nalo na watu wazima wenye vyeti.

Pia huwezi kuchagua namba yoyote uipendayo. Injini kubwa za meli zina mizunguko iliyokatazwa, ambapo shafti, mhimili unaotoka kwenye injini, hutetemeka vibaya. Unaivuka upesi, hukai hapo. Hesabu yangu ikiangukia humo, chifu injinia ananiambia niende juu au chini, basi. Na ukienda polepole mno kwa siku nyingi injini huchafuka ndani, naye atakukumbusha hilo kila mkikutana mezani.

Halafu kuna mikondo, na hapo ami akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza. Rafadha, panga la kusukumia meli, inasukuma maji, na maji yenyewe yanatembea. Batli, kipimo cha mwendo wa meli, yaweza kusoma noti 13 ndani ya maji huku setilaiti ikisema 11 juu ya ardhi. Wakati wa kusi, mkondo wa Somalia hukimbia kwenda kaskazini kwa nguvu, noti tatu na zaidi mahali pengine. Ukipanda nao unapewa bure, ukishuka unalipa. Wakati wa kaskazi hugeuka ukashuka, ukakutana na mkondo wetu wa pwani unaopanda, hapa hapa kwenye maji ya kaskazini mwa Kenya, na yote miwili ikapinda kwenda mashariki.

"Hilo twalijua," akasema ami. "Ndiko tulikopotezwa na maji tukitafuta Malindi." Akasimulia mara jahazi lao lilipokosa upepo wakati wa tanga mbili, majira ya kati ya kusi na kaskazi: wakilala wakiiona nchi, wakiamka wasiione. Alisimulia muda mrefu, na sehemu iliyohusu mpishi wao sitaiandika.

Kila adhuhuri napeleka ripoti: maili tulizokwenda, saa tulizotumia, mafuta, bahari, na mwendo unaotakiwa kwa maili zilizobaki. Siku tulizosogeza saa mbele, mchana hadi mchana huwa saa 23, au 23 na nusu tu, na vijana wengi hugawa kwa 24. Nahodha mwenye akili huweka akiba ya saa chache tangu mwanzo, kwa sababu bahari ikichafuka huwezi kuongeza mwendo hata ukitaka. Anayejivuta mwanzo akitegemea kukimbia mwisho amecheza kamari.

Sasa zile siku nne. Hapo sauti yangu ilishuka. Katika mikataba mingi ya kukodi meli, nahodha ametakiwa aende bila kujivuta, na muda wa kupakua huanza kuhesabiwa baada ya yeye kutoa taarifa kwamba amefika na yuko tayari. Bandari nyingi huhudumia kwa zamu ya kufika. Kwa hiyo tulikwenda noti 14 njia nzima, tukijua gati lina mtu, tukatoa taarifa yetu, tukatia nanga. Kama tungekwenda noti 11 tungeokoa karibu asilimia 40 ya mafuta ya safari ile, na bado tungefika kabla gati halijawa wazi. Iko mikataba inayoruhusu pande mbili zikubaliane kupunguza mwendo, na tangu 2023 meli kubwa hupimwa na kupewa daraja, A hadi E, kwa hewa ya ukaa inayotoa kulingana na kazi yake. Lakini mkataba wetu haukuwa na kipengele hicho cha kupunguza mwendo. Nililipeleka wazo hilo kwa nahodha, akacheka, akaniuliza kama nataka kumpigia aliyekodi mimi mwenyewe.

"Basi mwakimbilia foleni," akasema ami.

Nikakubali.

Adhana ya magharibi ikatoka, akasimama, akajikung'uta kikoi. Kesho anakwenda Faza kwa shughuli ya arusi na anataka nimsindikize. Nikamuuliza twaondoka saa ngapi. "Njoo maji yakianza kujaa," akajibu, akashika njia ya msikiti.

Nimeshatazama jedwali. Yataanza saa tatu kasorobo. Nitakuwa gatini saa mbili.