Mstari wa Kwanza wa Daftari

Mwaka 2013, nilipokuwa nikikusanya data za shahada ya uzamili kuhusu majonzi ya wajane, nilifika Kalenga, nje kidogo ya Iringa, nikiwa na dodoso, kinasa sauti na daftari lililoanza kwa mstari huu: "Uchungu wa mjane huisha kadiri miaka inavyopita." Nilifuata njia ya utafiti ya Rosemarie Anderson, mwanasaikolojia wa Marekani, ambayo katika mzunguko wa pili kati ya mitano humtaka mtafiti aandike anachoamini kabla ya kwenda kwa wahojiwa, ili baadaye ionekane wazi ni wapi amebadilika.

Bibi niliyemhoji hakulijibu swali la tatu, lililouliza uchungu wake ulikwisha lini. Alinisogezea ungo wa mahindi, tukapukuchua kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mzee wangu yupo. Jioni namweleza habari za shamba. Wewe huzungumzi na wako?" Hapo nilimhisi marehemu baba yangu karibu nami kama sijapata kumhisi tangu tulipomzika, na machozi yakanidondokea unguni.

Usiku ule sikulala vizuri. Je, hilo nalo lilikuwa data? Mafunzo yangu ya awali yalinitaka nilifute. Mtazamo wa kuvuka nafsi, yaani saikolojia inayochunguza mambo yanayompata mtu nje ya mipaka ya nafsi yake, ambamo njia ya Anderson imo na ambao jarida lake lilianza mwaka 1969, haumlazimishi mtafiti kuamini kwamba marehemu hurudi. Unamtaka aandike kwa uaminifu jambo la namna hiyo, liwe limempata mjane au yeye mwenyewe, kisha alichunguze. Nikaliandika.

Kuandika peke yake hakutoshi, na hii ndiyo sehemu inayonifanya niiheshimu njia hiyo. Anderson hutoa mfano wa ala mbili za nyuzi: uzi wa moja ukipigwa, uzi wa nyingine upande wa pili wa chumba nao hutetema. Mimi niliwaza ligombo la Wahehe. Basi niliwasomea maelezo yangu wajane wengine watano, nikitaka kujua yanatetemesha nini ndani yao. Watatu waliyatambua mara moja, mmoja akanyamaza, na wa tano, mama mpole aliyekuwa akisuka ukili, akasema, "Wangu hajarudi, wala sikutaka arudi."

Kauli yake niliiandika kwa ukamilifu uleule. Mstari wa kwanza wa daftari niliuacha ulivyokuwa, kwa kuwa ulikuwa ushahidi, lakini swali la tatu nikaliandika upya: "Mama, mzee wako yuko wapi sasa?"